Maji Kidogo Kwenye Dawa ya Kupe

Ng'ombe wetu alikufa Jumanne, mvua inanyesha, na mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa na miezi saba. Naanza hapo kwa sababu sina subira ya kuzunguka. Mtoto yule alikuwa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe yule. Dada alifariki mtoto akiwa wa miezi miwili, kwa ugonjwa ule ambao msibani watu wanautaja kwa macho tu, na mama yangu hakuwa na ziwa la kumpa mjukuu wake. Maziwa ya kopo yalikuwepo Tukuyu, yamepangwa dukani makopo kwa makopo, maana soko huria lilikuwa limeleta kila kitu. Sisi tuliyaangalia tu. Kwetu Matwebe tulikuwa na migomba, chai kidogo, na ng'ombe mmoja chotara mweusi mwenye baka tumboni.

Nesi wa kliniki alitufundisha kuyachemsha maziwa na kuyachanganya na maji, halafu sukari kidogo. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kila kazi iliyohitaji kupima ilikuwa inaletwa kwangu. "Mpe msomi," mama alikuwa anasema. Dawa ya kupe nayo nilipewa mimi.

Ya dawa ndiyo ninayotaka kuandika.

Nilipokuwa shule ya msingi josho lilikuwa bado linafanya kazi, kule chini karibu na mto. Siku ya kuogesha, ng'ombe wa kijiji kizima walikuja kupanga foleni. Wanatumbukia mmoja mmoja, wanazama mpaka pua, wanatokea upande wa pili wanatiririka na kukohoa. Dawa ilikuwa inatoka serikalini. Bwana mifugo aliipima kwa fimbo yenye alama, na dawa ikipungua nguvu alifunga geti, hata wazee wamtukane vipi. Baadaye tukaambiwa kila mtu ajitegemee. Dawa ikaacha kuja, bwana mifugo akahamia Bulyaga, na josho likaota magugu. Ukipita leo utakuta vyura.

Basi dawa ikawa ya dukani. Duka la pembejeo lilikuwa na chupa kubwa zenye maandishi, lakini nani wa kununua chupa kubwa? Muuzaji, kijana mmoja mwenye suti ya mtumba, alikuwa anamimina kwenye vichupa vya sindano, vile vyenye kizibo cha mpira.

"Kifuniko kimoja cha soda kwa bomba moja la maji, dada," aliniambia. "Usipunguze."

"Maelekezo yako wapi?"

"Maelekezo ndiyo hayo nimekupa. Unataka nikuimbie?"

Kwenye njia yetu kulikuwa na nyumba tano na bomba moja la kupulizia dawa. Bomba lilikuwa la mama mkubwa, mjane anayekaa ng'ambo ya migomba yetu. Si ndugu yetu wa damu, ila nimekua namwita hivyo. Mumewe alilitumia kupulizia kahawa enzi zake. Kila nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja chotara, na dawa tulinunua kwa zamu. Kila Jumamosi mimi nililivaa bomba mgongoni, nikapita nyumba kwa nyumba.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Bomba moja linatosha ng'ombe wawili ukipulizia vizuri, yaani mgongoni, tumboni, chini ya mkia, ndani ya masikio. Ng'ombe walikuwa watano. Nikimaliza nyumba ya pili, bomba jepesi, na kichupa hakina kitu. Na nyumba ya tatu mama ameshasimama mlangoni na ng'ombe ameshafungwa. Utamwambia nini? Kwetu mtu anayekula peke yake huku jirani anamwona, anasemwa mpaka wajukuu wake wanazeeka. Kumwambia mwenzako dawa imeisha, huku wa jirani ameshapuliziwa, ni tusi.

"Ongeza maji kidogo mwanangu," wote walisema hivyo hivyo. "Kidogo tu, kila mtu apate."

Nikaongeza. Nyumba ya tatu, maji kidogo. Ya nne, maji kidogo tena. Na mama yangu, kwa sababu ya heshima zake, alikuwa amekataa ng'ombe wetu aanze.

"Tangulia kwa wenzetu," alisema. "Sisi hatukimbii."

Kwa hiyo kwetu nilikuwa nafika mwisho, na kilichokuwa kinatoka kwenye bomba kilikuwa na harufu ya dawa tu. Ng'ombe alikuwa analowa vizuri. Mama anafurahi. Kupe wengine walikuwa wanadondoka, wengine wanabaki. Wanaobaki tulisema watadondoka wiki ijayo.

Hiyo ilikwenda karibu miaka miwili, maana nilianza kazi hiyo wakati wa likizo nikiwa bado shule.

Na wakati huo huo, darasani, nilikuwa nafundishwa kilichokuwa kinatokea mgongoni mwa ng'ombe wangu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwalimu wetu wa bailojia alikuwa mtu mkali, mwembamba, viatu vyake vimeliwa upande mmoja. Siku moja alikuja na ndoo ya samaki kutoka lile ziwa la Kisiba, lililoko ndani ya shimo la volkano. Darasa zima likacheka.

"Mwalimu, tulete mafuta?"

"Kaa chini wewe, tumbo lako litakufelisha." Akatoa samaki wawili, akawaweka juu ya meza. Mmoja rangi ya njano, mwingine bluu iliyokolea. "Huyu wavuvi wanamtoa kando kando. Huyu anatoka chini kwenye giza. Ziwa lile halina mto wa kuleta wageni kila siku. Tazameni miiba, mapezi, hesabuni. Hawa ni ndugu. Nani amewatenganisha?"

"Mungu, mwalimu," mmoja akajibu, na wengine wakaguna kukubali, maana tulikuwa watoto wa kanisa wote.

"Sawa. Ametumia nini?"

Tukainamia madaftari.

Ndipo akaacha Kiingereza, kitu ambacho kilikuwa kosa shuleni kwetu, akatueleza kwa Kiswahili. Alisema samaki wanazaliwa wengi kuliko chakula kilichopo, na hawazaliwi sawa. Mmoja anaona vizuri kwenye giza kidogo, mwingine haoni. Yule anayeona anakula, anazaa, na watoto wake wanarithi macho yake. Asiyeona anakufa kabla hajazaa. Hivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi. "Hakuna samaki hata mmoja aliyeamka asubuhi akaamua kubadilika," alisema. "Anayekufa ndiye anayewabadilisha wenzake, kwa kutokuwepo."

Nikaandika. Nikakariri. Nikachora mkono wa mtu, bawa la popo na pezi la nyangumi, nikaonyesha mifupa inavyofanana, nikapata alama nzuri. Halafu Jumamosi nikavaa bomba, nikaongeza maji. Sikuona uhusiano wowote. Samaki walikuwa wa mtihani, kupe walikuwa wa nyumbani.

Kama miezi mitatu kabla ng'ombe hajafa, nilianza kuona kupe wamekaa palepale siku ya pili baada ya kupulizia. Wameng'ang'ania, wanang'aa. Nilikwenda dukani na kichupa mkononi.

"Hii dawa yako ni maji," nilimwambia yule kijana.

"Dawa ni ileile. Kupe wa huko kwenu wameshaizoea."

Nikarudi, nikasema nyumbani kwamba kupe wamezoea. Kila mtu akakubali. Binadamu anazoea pombe, anazoea baridi, kupe naye kwa nini asizoee? Nilikubali mimi, niliyekuwa na alama nzuri.

Baba yangu alikuwa anakaa kwa mke wake mdogo, upande wa juu. Alikuwa na ng'ombe watatu wa kienyeji, wadogo, wana nundu, hawajapuliziwa dawa tangu josho life. Alipita siku moja, akamkuta mama ananyonyoa kupe chini ya mkia.

"Mnamwogesha mzungu wenu?" akasema. "Wangu mimi hawaogi, na wapo."

"Wa kwako wanatoa kikombe," mama akamjibu bila kugeuka. "Hata paka hashibi."

"Kikombe cha ng'ombe aliye hai, mama. Tutaonana."

Nilimchukia sana kwa neno lile. Ila alikuwa amesema jambo la kweli bila kujua. Ng'ombe wake wametoka kwenye ukoo ambao umeumwa na kupe kwa mamia ya vizazi. Waliokuwa wepesi kufa walikwisha kufa, hawakuacha ndama. Wa kwetu nusu ya damu yake ilitoka nchi za baridi, ambako kupe wa aina hii hawapo. Hakuna ndugu zake waliomtangulia kufa kwa ajili yake.

Ijumaa moja alikataa majani. Jumamosi nilipomaliza kumpulizia nilimpapasa chini ya sikio, nikakuta tezi limevimba kama limao. Macho yanatoa machozi. Mama alinitazama, mimi nikamtazama, mtoto yuko mgongoni kwake anaguguna kitenge.

"Nenda kwa bwana mifugo," mama akasema. "Kimbia."

Sikukimbia, nilitembea haraka, maana njia ya Bulyaga ni kupanda tu. Bwana mifugo nilimkuta anajenga. Aliniuliza maswali kumi. Tezi lina ukubwa gani, anakohoa, homa tangu lini. Kisha akasema hiyo ni ndigana, homa inayoletwa na kupe, dawa yake hana, anayo mwenzake aliyekwenda Mbeya, atarudi Jumatatu. Jumatatu jioni wakaja wote wawili na pikipiki. Ng'ombe alikuwa ameshalala, povu linatoka puani, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Wakamchoma sindano. Yule mwenye dawa akafuta sindano kwenye suruali, akasema, "Mmechelewa kuniita."

Nilitaka kumpiga.

Maziwa yalikuwa yamekatika tangu Jumapili. Mtoto tulimpa uji mwepesi, akautapika, akalia mpaka sauti ikabaki ya kukwaruza. Jumanne asubuhi ng'ombe akafa.

Majirani walikuja kama kwenye msiba wa mtu. Kwetu ng'ombe si mfugo tu, anaitwa kwa jina, anaimbiwa wakati wa kukamuliwa. Wanawake walilia. Wanaume wakaamua nyama isitupwe, wakaanza kunoa visu, na mama akasema kila nyumba ipate. Hata pale, kila nyumba ipate.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kichwani kwake, chini ya majani ya mgomba tuliyomfunika kwa ajili ya mvua. Ndipo nikaona. Mwili ulipoanza kupoa, kupe walianza kuachia. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Wanatoka masikioni, wanatoka chini ya shingo, majike makubwa yamevimba kama harage la kijivu, yanashuka taratibu kwenye ngozi na kupotelea kwenye majani. Na huyu ng'ombe nilikuwa nimempulizia siku tatu zilizopita. Wote hawa walikuwa wameoga dawa yangu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka, na sikufurahi. Hakuna kupe aliyezoea kitu. Tangu mwanzo, kati ya mamia, kulikuwa na wachache ambao dawa nyepesi haiwawezi, wamezaliwa hivyo. Wengine wote nimewaua mimi. Wale wachache nimewaachia ng'ombe mzima wajilie peke yao, wazaane wao kwa wao. Jumamosi baada ya Jumamosi. Kila nilipoongeza maji nilikuwa nawachambulia mbegu, kama mtu anavyochambua mahindi ya kupanda. Na sasa majike haya yanakwenda kutaga kwenye majani ambayo nyumba tano zinakata kulisha ng'ombe.

Nilianza kuyakanyaga. Nikakanyaga kama kichaa, kwenye matope, huku nalia. Watu wakadhani namlilia ng'ombe.

"Mwacheni binti," mwanaume mmoja akasema. "Alimzoea."

Mama mkubwa ndiye aliyeokoa siku ile. Jioni hiyo hiyo alikuja na maziwa kwenye kopo la rangi, bado ya moto. Ng'ombe wake alikuwa amezaa mwezi uliopita.

"Ndaga fijo," mama akamshukuru, akapiga magoti kwenye matope kabisa.

"Gwe, inuka. Huyu mtoto ni wa kwako peke yako?" Akamchukua mtoto, akampima kwa mikono miwili kama mtu anayepima kuku. "Mwee! Huyu amekuwa manyoya. Njooni asubuhi na jioni."

Tukawa tunakwenda. Mtoto alikuwa anakunywa mpaka anatoa jasho puani. Lakini kliniki nesi alipochora nukta kwenye kadi, ilikuwa chini ya mstari, na mwezi uliofuata ilikuwa bado chini, ila imepanda kidogo. Nesi akasema, "Msiruke hata siku moja." Tulikuwa tumetegemea kiwele kimoja cha mtu mwingine.

Na bomba liliendelea kuzunguka. Jumamosi ya tatu baada ya ng'ombe wetu kufa nilimpulizia ng'ombe wa mama mkubwa yeye wa kwanza kabisa, dawa kamili, bila maji ya ziada. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kuchukua maziwa, nikaangalia chini ya mkia. Walikuwa wamekaa. Wazima. Nilimgusa mmoja, akachezesha miguu.

Nikarudi nyumbani na maziwa, sikusema. Usisome hapa ukadhani nilikuwa nafikiria mambo makubwa. Nilikuwa naogopa. Nikimwambia kwamba dawa haifanyi kazi tena, na kwamba kupe hawa wametokana na bomba la mgongoni mwangu, anaweza kufunga mlango, na mtoto afe. Nisipomwambia, ataendelea kupulizia akiamini, ng'ombe atalala kama wa kwetu, na mtoto afe. Nilizunguka na hayo siku mbili. Siwezi kukaa na kitu siku ya tatu.

Nilimkuta anakata majani ya mgomba ya kumtandikia ng'ombe.

"Mama mkubwa, ile dawa usiitegemee. Kupe hawafi."

"Najua. Wameizoea."

"Hawajazoea." Nikamweleza. Nilimweleza kwa kupe, sio kwa samaki. Kwamba kupe hawazaliwi sawa, kwamba dawa yenye maji inaua dhaifu na kubakiza sugu, kwamba sugu wanazaa sugu. Alisikiliza huku panga liko mkononi.

"Hayo ndiyo ya wale wanaosema tumetoka kwa nyani?"

"Ni ya watu hao hao."

"Hmm." Akakata jani jingine. "Kwa hiyo waliobaki ndio wabaya kuliko wote."

"Ndiyo."

"Na maji aliyetia ni nani?"

"Tulitia wote. Lakini bomba lilikuwa mgongoni kwangu, na mimi ndiye nilisoma."

Akalichomeka panga kwenye shina la mgomba. Nilikuwa naangalia mikono yake, sio uso. Hatimaye akasema, "Mimi nilikuambia ongeza maji. Nakumbuka. Nilikuwa nyumba ya nne." Halafu sauti ikabadilika, ikawa kali. "Sasa usije hapa kuniletea maneno ya darasani halafu ukae bila kazi. Maziwa nitatoa. Ila kila asubuhi, kabla sijakamua, wewe utakuwa hapa, utawatoa hao kupe kwa mkono. Mmoja mmoja. Siku usipokuja, nami sikamui."

"Na wengine? Zile nyumba tatu?"

"Kawaambie mwenyewe."

Niliwaambia. Nyumba moja walinicheka. Nyingine mama mwenye nyumba alisema mimi ndiye nimeleta mkosi, akaacha kuniitikia salamu. Ya tatu walisikiliza, lakini ng'ombe wao alikuwa tayari amevimba tezi, akafa wiki ileile.

Mimi nikaanza kazi. Alfajiri, kopo la mafuta ya taa mkononi. Unashika kupe karibu na ngozi, unavuta bila kumpasua, unamtumbukiza. Mama mkubwa anamshika ng'ombe pembe na kumwimbia taratibu kwa Kinyakyusa ili asipige teke. Wiki ya kwanza kupe walikuwa wanafunika kitako chote cha kopo. Vidole vilinuka mafuta ya taa hata nikila. Ya pili wakapungua. Ng'ombe akaendelea kutoa, mtoto akaanza kukaa bila kushikiliwa, na mama yangu kwa mara ya kwanza tangu msiba wa dada nilimsikia anacheka na mtu. Matokeo yangu ya mtihani yalitoka kipindi hicho, sikwenda kuyatazama mpaka siku ya nne, maana shuleni ni mbali na ng'ombe lazima anyonyolewe kupe kila asubuhi.

Mwezi wa pili nikakosa kabisa wale wakubwa. Mgongo safi, tumbo safi, chini ya mkia safi. Nilifurahi kama siku mbili. Siku ya tatu ng'ombe alitikisa kichwa, akatikisa tena, nikavuta sikio kwenye mwanga wa jua linaloanza kutoka. Ndani, mbali ambako kidole changu hakifiki, kulikuwa na kupe. Wadogo, wamebanana kwenye mikunjo, rangi inafanana na ngozi. Nilikaa pale nimeshika sikio, nikajua ni vidole vyangu vilivyowachagua hao.

"Vipi?" mama mkubwa akauliza kutoka upande wa pembe. "Wameisha?"

Nilifikiria mtoto, yuko nyumbani ameamka, analilia kikombe.

"Wanaoonekana wameisha," nikasema.

Mama mkubwa aliingia ndani, akatoka na kijiti alichokichonga kwa kisu, chembamba, kimefungwa kitambaa mwishoni, akakichovya kwenye mafuta ya taa na kunikabidhi. Kisha akarudi kushika pembe, akazishika kwa nguvu zaidi kuliko jana.